Damu ya Ndama

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza panya wa kituo cha utafiti wa saratani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akimshika panya kwa mkono wa baridi. Asubuhi akifika, kabla hajafungua kizimba cha kwanza, alivisugua viganja vyake mpaka vikapata moto, ndipo akavaa glavu. Wanafunzi wapya walidhani anaomba dua. Wakimuuliza, aliwajibu kwamba hata wao wasingependa kuamshwa na mtu aliyetoka kushika barafu.

Kituoni walimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliozaliwa kwa mkupuo mmoja na ambao sasa walikuwa watu wazima wenye nyumba zao. Himaya yake ilikuwa vyumba vitatu vya chini: cha panya wanaozaa, cha panya waliopandikizwa uvimbe, na cha wanaopewa dawa. Kila utafiti ulikula panya mia nne, wakati mwingine zaidi. Siku ya mwisho, walipotakiwa kuuawa ili wapasuliwe, kazi hiyo aliifanya mwenyewe. Aliwahi kumwona mwanafunzi mwenye mikono inayotetemeka akimrudia panya mmoja mara tatu, na tangu siku hiyo akasema basi, hii ni kazi yangu. Hakuwa mtu wa kulialia. Saratani aliijua vizuri. Ilimchukua kaka yake katika muda wa miezi mitano, mtu aliyekuwa akibeba magunia mawili kwa mpigo. Kwa hiyo aliamini kwamba panya wale hawafi bure. Ila siku kama hizo alirudi nyumbani kimya, na mkewe alijua kumtengea maji ya kuoga na kumwacha.

Kisha kituoni akaja daktari mmoja na makabati mawili ya joto ya kukuzia seli, hadubini moja, na mdomo usiojua kuzunguka mbuyu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kawaida ya kuvaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, akitafuta ule wa kichwani siku nzima. Alipewa stoo ya zamani iliyopakana na vyumba vya panya. Alichokuwa akifanya kilisemwa kwa minong'ono, kama kichekesho: anachukua kipande cha uvimbe kutoka kwa mgonjwa aliyepasuliwa, anakikatakata, anakilainisha mpaka seli ziachane, kisha anazipanda ndani ya matone ya jeli kwenye sahani na kuzilisha. Anasema siku moja watu watajaribu dawa kwenye matone badala ya kuzijaribu kwenye panya. Haikupita wiki wakawa wanamwita Daktari Matone.

Siku ya tatu alishuka kwa Baba Pacha.

"Shikamoo, Baba Pacha."

"Marahaba, Daktari. Karibu kwenye harufu."

"Nimeshaizoea, inapita ukutani." Akavuta kiti. "Nimekuja kukuazima. Asubuhi tatu kwa wiki. Nimetazama kumbukumbu za joto za kituo kizima. Za vyumba vyako tu ndizo hazina siku hata moja iliyorukwa. Nina makabati ambayo joto likipungua kidogo, kazi ya miezi mitatu inakwenda na maji."

"Unataka mtunza panya akakulindie kazi ya kuwafukuza panya?"

"Ndiyo," akasema Daktari Matone. "Ningekudanganya ungejua."

Jioni mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu, umeitwa kuchimba kaburi la kibarua chako, nawe umekubali?"

"Sijakubali. Nimesema nitaangalia."

Aliangalia. Asubuhi ya kwanza Daktari aliweka sahani chini ya hadubini, akampisha. Mwanzoni Baba Pacha aliona ukungu tu. Daktari akamzungushia kirungu cha hadubini taratibu, na ghafla vikatokea: vijidonge vya mviringo, vimetulia ndani ya jeli kama povu lililoganda, kila kimoja na ukuta wake na uwazi wake katikati. Havikuwa vikubwa kuliko chembe ya mchanga. Vilikuwa hai. Kilichokuwa mwilini mwa mtu Jumatatu, kilikuwa hapa, kikiendelea na mambo yake kana kwamba hakijahama.

"Hiki ni cha utumbo wa mzee mmoja dereva," alieleza Daktari. "Aliulizwa, akakubali, akatia sahihi. Yeye yuko nyumbani anapona kidonda. Nikitaka kujua dawa fulani itaufanya nini uvimbe wa mtu, nauliza uvimbe wa mtu. Panya wako ni wazuri, Baba Pacha, lakini panya si mtu. Wanapona kwa dawa ambazo sisi hazitusaidii."

Baba Pacha aliendelea kutazama mpaka Daktari akamwambia kwamba shingo itamuuma.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Akajifunza kushika pipeti, ule mrija wa kuvuta na kudondosha vimiminika, kuosha mikono mpaka viwikoni, kutopumua juu ya sahani iliyo wazi. Akajifunza kuandaa maji ya kulishia, ya rangi ya waridi, ambayo wote mle ndani waliyaita mchuzi. Mchuzi ukigeuka manjano, seli zina njaa. Ukipata wingu, vijidudu vimeingia, na yote hutupwa bila mjadala. Siku nyingine za wiki alikuwa na panya wake, na hakuona kama kuna ugomvi baina ya kazi hizo mbili.

Kisha mzigo ukaja. Lilikuwa boksi la barafu lenye chupa kumi za kimiminika cha rangi ya dhahabu, na Daktari alimwomba azipange kwenye friza. Baba Pacha hakuwahi kupanga kitu bila kusoma karatasi yake. Alisoma, akarudia. Akaenda na chupa moja mkononi mpaka mezani kwa Daktari, ambako wanafunzi wawili walikuwa wakinywa chai.

"Daktari, hii ndiyo inayotia nguvu mchuzi?"

"Ndiyo. Seramu. Ni maji yanayobaki damu ikishaganda. Bila hiyo seli hazikui."

"Imeandikwa ni ya ndama aliye tumboni."

"Ndiyo."

"Tumboni mwa mamake."

"Ndiyo, Baba Pacha. Ng'ombe akichinjwa na kukutwa ana mimba, damu ya ndama huvutwa."

Baba Pacha aliiweka chupa mezani, polepole. "Kwa hiyo tumemtoa panya mlangoni, tukamwingiza ndama dirishani."

Mwanafunzi mmoja alipaliwa na chai. Mwingine aliangalia dari. Wote mle ndani walijua kwamba maabara za dunia nzima hutumia seramu ile. Hata jibu lilikuwa tayari, kwamba ng'ombe angechinjwa vyovyote vile. Daktari Matone hakulitoa. Alivua miwani yote miwili, akaikunja.

"Nipe siku moja," akasema.

Kesho yake alishuka chini kabla Baba Pacha hajamaliza kusugua viganja. Hakukaa.

"Umesema kweli, na nimekosa pa kukimbilia. Na kabla hujauliza: ile jeli nayo inatoka kwenye uvimbe wa panya. Nimeona nikwambie mwenyewe."

Baba Pacha aliacha kusugua viganja. "Haya ni mambo."

"Nitaanza na damu. Jeli itafuata. Siwezi kupigana vita viwili kwa mkono mmoja. Utanisaidia?"

Baadaye alipokuwa akisimulia, Baba Pacha alisema kwamba hapo ndipo alipomkubali mama yule. Watu wenye elimu aliwaona wengi. Mwenye elimu anayeambiwa na mtunza panya kwamba ana kasoro, akalala nayo, akaamka akaongeza ya pili kwa hiari yake, alikuwa hajamwona.

Walianza. Ilibidi kila kitu kilichokuwa ndani ya damu ya ndama kitafutwe kimoja kimoja kutoka mahali pengine. Virutubisho vingine vilitengenezwa na chachu. Protini moja, ile inayobeba mafuta ndani ya damu, ilivunwa kwenye punje za mpunga uliobadilishwa kwa kazi hiyo. Baba Pacha alipoambiwa hayo, alisema alijua wali una faida lakini si kwa kiasi hicho.

Seli zikafa. Walibadili vipimo, zikafa. Walikopi mapishi yaliyochapishwa na wenzao, zikaishi siku nne, zikasinyaa, zikafa. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa nne. Wanafunzi walianza kunung'unika kwamba wenzao wanachapisha kazi zao huku wao wanazika. Mkurugenzi wa kituo, mtu mpole aliyependa kila jambo liwe na tarehe, alimwita Daktari akamuuliza kwa nini anajitwisha mzigo ambao hakuna aliyemtwisha. Daktari akamjibu kwamba ametwishwa, tena na mtu mwenye haki. Kila sahani iliyokufa aliiandika daftarini kwa mwandiko uleule safi aliotumia kwa zilizoishi: tarehe, kipimo, nani aliyepanda, ilikufa siku ya ngapi. Hakufoka. Siku moja tu Baba Pacha alimkuta amelaza paji la uso kwenye mlango wa kabati la joto. Akatoka kimyakimya, akarudi baada ya dakika kumi akikohoa tangu kwenye korido.

Mwezi wa tano, Daktari alimwita mezani. Daftari lilikuwa wazi, na kurasa nyingi zilikuwa zimepigwa mistari ya penseli.

"Baba Pacha, sahani zako zinachelewa kufa."

"Samahani?"

"Za wanafunzi zinakufa siku ya nne. Zangu siku ya nne, ya tano. Zako siku ya saba, ya nane. Mchuzi mmoja, mgonjwa mmoja, kabati moja. Nimehesabu mara tatu. Unafanya nini sisi hatufanyi?"

"Sifanyi kitu. Nafanya mlivyonifundisha."

"Hebu panda, nikuone."

Akapanda. Daktari alisimama nyuma yake asubuhi nzima na daftari, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na akaona. Baba Pacha aliishika chupa ya mchuzi viganjani mpaka ikapoteza ubaridi kabla ya kuifungua. Hakusukuma pipeti kwa kidole gumba mara moja kama wao. Aliiachia pole, mchuzi ukateremka ukutani mwa sahani, usianguke juu ya seli. Alipochanganya seli, alizivuta na kuziachia kama mtu anayemnywesha mtoto kwa kijiko. Ilimchukua muda mara tatu ya wengine.

"Kwa nini polepole hivyo?"

Baba Pacha aliona haya kidogo. "Ni mazoea. Panya mchanga ukimnyanyua kwa haraka anakufa kesho yake, hata kama hukumuumiza. Nikasema labda na hawa."

Daktari Matone alikaa. Akacheka kwa sauti ya chini, kisha akaacha kucheka. "Seramu ilikuwa ikizikinga," alisema, kana kwamba anasoma ukutani. "Ni nzito, inazifunika. Ukizipiga kwa pipeti hazivunjiki. Tumeiondoa tukaendelea kuzipiga vilevile. Mchuzi wangu haukuwa mbaya kama nilivyodhani. Mkono ndio uliokuwa mbaya."

Tangu kesho yake, watu wote mle ndani, Daktari akiwa wa kwanza, walikaa kwenye viti wakafundishwa na mtunza panya jinsi ya kushika pipeti. Hakuwa mwalimu mwepesi. Mwanafunzi aliyekuwa na haraka zaidi aliambiwa arudi akapashe viganja mara nne. Bado mchuzi ulihitaji marekebisho, na yalichukua miezi miwili zaidi. Lakini sasa sahani zilipokufa, zilikufa kwa sababu waliyoweza kuitafuta.

Seli za kwanza kuvuka mwezi mzima bila tone la damu ya ndama zilikuwa za mwalimu mstaafu wa hesabu. Mama huyo alikuwa ametolewa uvimbe wa utumbo, na alipotia sahihi karatasi ya kukubali, alikuwa ameongeza chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni: "Kwa sharti kwamba nitaonyeshwa." Hakuna aliyewahi kudai hivyo. Daktari alisema sharti ni sharti.

Akaja na fimbo, na binti yake, na kanzu ndefu ya kijani. Baba Pacha ndiye aliyemsogezea kiti na kumlengea hadubini. Mwalimu aliinama, akatazama mpaka binti yake akaanza kuwa na wasiwasi.

"Mama, uko sawa?"

"Ngoja." Akarekebisha kirungu mwenyewe bila kuulizwa. "Ndiye huyu?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Daktari.

"Mdogo namna hii. Na usumbufu wote ule." Akainua kichwa, akainama tena. "Nani anamlisha?"

"Mimi," akasema Baba Pacha.

"Unamlisha vizuri?"

Baba Pacha aliitazama sahani. Ilikuwa ni kumlisha adui wa mama aliyeketi mbele yake. "Inabidi, Mwalimu. Tukimwua sisi kwa uzembe, hatutajua dawa inaweza kumwua au haiwezi."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu sahihi na mwanafunzi ambaye hakutarajiwa kulijua. "Basi mlishe. Nilifundisha watoto watundu miaka thelathini na minne. Usipomjua mtundu wako, humwezi." Kisha akamgeukia Daktari. "Hizo dawa mtakazojaribu, mtaniambia matokeo? Hata kama ni mabaya?"

"Daktari anayekutibu ndiye anayeamua matibabu yako. Haya yetu bado ni utafiti. Lakini tutakwambia. Hata kama ni mabaya."

"Vizuri. Mimi ni mtu wa hesabu, sipendi kuachiwa nafasi wazi."

Wakati huo Mkurugenzi naye alikuwa ameandaa mtihani. Utafiti mpya ulikuwa unakuja, na panya mia nne walitakiwa kuzalishwa. Kabla ya kuruhusu lolote, alimletea Daktari Matone chupa sita zisizo na majina, zenye alama za rangi tu. Zilikuwa dawa za zamani, alisema. Majibu yake yanajulikana. Anayo yeye, kwenye bahasha. Daktari azijaribu kwenye vijidonge vya uvimbe wa wagonjwa, na kwenye vijidonge vya ini lenye afya, aseme ipi inafaa na ipi haifai. Walifanya kazi wiki sita. Baba Pacha alipanda karibu nusu ya sahani zote.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Baba Pacha alikaa nyuma, karibu na mlango, na shati lililopigwa pasi na mkewe mara mbili. Daktari alisimama, miwani mmoja tu usoni, akataja majibu yake rangi kwa rangi. Mkurugenzi akafungua bahasha.

"Dawa zote sita," alisoma, "ziliponya panya. Panya wa dawa tano kati ya hizo walitunzwa hapahapa kwetu. Zilipofika kwa wagonjwa, mbili zilisaidia. Nne hazikusaidia, na moja ya hizo nne iliharibu maini. Daktari amezitambua zote mbili zilizosaidia. Katika nne zilizoshindwa ametambua tatu, ikiwemo ya ini. Moja amekosea."

"Ya bluu," akasema Daktari kabla hajaulizwa. "Nilisema inafaa. Sijui kwa nini nimekosea, na nitaitafuta sababu hiyo kwanza. Tena nisieleweke vibaya. Vijidonge havina moyo, havina mapafu, havina mwili wa kuzungushia dawa. Kuna maswali ambayo leo bado siwezi kuyajibu bila mnyama. Ninachosema ni kwamba haya mengine naweza."

Makofi yalianza, lakini Baba Pacha hakuyasikia vizuri. Alikuwa amekwama kwenye maneno ya Mkurugenzi. Dawa tano, hapahapa kwetu. Alizikumbuka. Mojawapo alikumbuka hata mwaka wake, jinsi uvimbe ulivyonywea kwenye migongo ya panya hadi watu wakakumbatiana kwenye korido, naye akarudi nyumbani siku ya mwisho akijiambia angalau hawa hawakufa bure. Dawa ikaenda zake kwa watu, ikashindwa, na hakuna aliyeshuka ngazi kumwambia. Miaka kumi na moja aliishi na furaha ya uongo. Hakukasirika kwa kiasi alichotegemea. Alihisi tu kama mtu aliyekuwa akimpelekea salamu ndugu ambaye alishazikwa zamani.

Daktari alikuwa bado anaongea. "Swali lililoanzisha mchuzi wetu mpya si langu. Mkono uliofanya mchuzi huo ufae si wangu pia. Vyote ni vya yule pale, karibu na mlango. Jina lake liko juu ya ripoti pamoja na langu, na wala siombi ruhusa." Vichwa vikageuka. Baba Pacha akaangalia viatu vyake.

Mkurugenzi akatoa uamuzi: kuanzia sasa, dawa yoyote mpya itapita kwanza kwenye matone, itakayoshindwa huko haitashuka chini kwa panya. Panya mia nne wa utafiti ujao wasizalishwe.

Kutozalisha panya ni kazi kama kazi nyingine. Mchana ule Baba Pacha alishuka kwenye chumba cha kwanza, akawatenga madume na majike, kizimba kwa kizimba, akiandika namba. Daktari Matone alimfuata akiwa bado na nguo za kamati, akashika upande wa pili wa kila kizimba. Walipofika katikati ya chumba Baba Pacha alimwambia kuhusu zile dawa tano.

"Hakuna aliyekwambia?"

"Nani angeniambia? Mimi ni wa panya."

Daktari alisimama na kizimba mikononi. "Mimi nitakuwa nakwambia. Kila moja, mpaka mwisho wake."

Ameitimiza ahadi hiyo mpaka leo. Dawa ikitoka kituoni kwenda kwa wagonjwa, kila baada ya miezi kadhaa Daktari hushuka, au humwita, akamweleza imefikia wapi. Nyingine zinakwenda vizuri. Mwalimu wa hesabu naye huja kituoni kila akitoka kliniki, mara nyingi akiwa na afya, mara nyingine akiwa amechoka, na hudai kuona hesabu zote, zikiwemo mbaya. Chumba kimoja cha panya kimefungwa, kingine kimebaki na vizimba nusu, na Baba Pacha amepewa cheo kirefu ambacho mkewe hukitamka kwa makusudi mbele ya wageni. Yeye husema wamwite walivyozoea.

Kuhusu jeli, bado wanahangaika. Wamejaribu ya mwani, vijidonge vikakataa. Sasa wako kwenye ya aina nyingine, ya kutengenezwa, na juzi sahani tatu zilifika siku ya tisa. Daktari alitaka kushangilia. Baba Pacha akamwambia wangoje ya kumi na nne kwanza, na kwa sasa amshikie taa, amalize kuzilisha.